Sinema Nyumbani: Kwa Nini Picha Husimama Njiani?

Siku hizi jamaa nyingi zina sinema yao nyumbani. Hazina tena haja ya kungoja jioni ya Jumapili, wala ya kuketi uwanjani mbele ya shuka jeupe. Filamu imewekwa ndani ya kompyuta au ndani ya diski, televisheni imewekwa sebuleni, na katikati yake upo mtandao wa nyumba unaochukua picha kutoka chombo kimoja hadi kingine. Jambo hili ni jema. Lakini mara nyingi furaha hukatwa. Watu wote wa nyumba wameketi, filamu imeanza vizuri, baada ya dakika kumi picha inasimama, kiduara kidogo kinazunguka juu ya kioo, watoto wananung'unika, na baba anasema: «Intaneti yetu ni mbaya. Kesho nitalipia iliyo na nguvu zaidi.»

Tuseme wazi: baba huyo yu karibu kupoteza fedha yake bure. Filamu iliyomo ndani ya diski ya nyumba haipiti katika intaneti. Hata kampuni ikikata intaneti leo, filamu ile kwa kawaida yaweza kuonyeshwa, mradi umeme upo na vyombo vya nyumba vimeunganishwa. Kosa limo ndani ya nyumba, na ndani ya nyumba yafaa litafutwe. Basi katika makala haya tutafuata safari ya picha hatua kwa hatua, tangu diski mpaka kioo, tupate kujua mahali inapokwama, na kwa sababu gani.

PICHA NI NYINGI KULIKO TUNAVYODHANI

Wazee wetu waliosoma katika shule za misioni wanakumbuka mashine ya sinema ya milimita 16. Utepe wake ulikuwa na picha ndogo ndogo zilizofuatana, na kila sekunde picha 24 zilipita mbele ya taa. Filamu ya dakika 90 ilikuwa na utepe wa karibu kilomita 1, uliozungushwa juu ya magurudumu na kuchukuliwa ndani ya masanduku ya bati. Leo utepe hauko tena, lakini desturi ya picha 24 kwa kila sekunde imebaki vile vile kwa filamu nyingi.

Picha ya leo hufanywa kwa vitone vidogo sana viitwavyo pikseli. Televisheni inayoitwa «Full HD» ina vitone 1920 kwa upana na 1080 kwa urefu. Zidisheni, ninyi wanafunzi, nanyi mtapata vitone 2,073,600 katika picha moja. Televisheni inayoitwa «4K» ina 3840 kwa 2160, maana yake vitone 8,294,400, mara nne ya ile ya kwanza. Na kila kitone lazima kielezwe rangi yake: nyekundu kiasi gani, kijani kiasi gani, buluu kiasi gani.

Kompyuta huandika mambo yote kwa alama mbili tu, sifuri na moja, na kila alama huitwa biti. Tukihesabu biti 24 kwa kila kitone cha Full HD, na picha 24 kwa kila sekunde, tunapata biti 1,194,393,600 kila sekunde. Kwa 4K yenye biti 30 kwa kila kitone, hesabu inafika karibu bilioni 6 kila sekunde. Waya wa mtandao uliozoeleka sasa katika nyumba huchukua biti bilioni 1 kwa sekunde. Kwa hiyo, kama picha zingetumwa jinsi zilivyo, hata waya mzuri usingeweza kuzichukua.

UFUNDI WA KUKUNJA

Kwa sababu hiyo mafundi waligundua namna ya kukunja filamu. Mtazameni mwalimu anayefundisha mbele ya ubao. Katika sekunde moja ubao haubadiliki, ukuta haubadiliki, dirisha halibadiliki; mkono wake tu ndio unaosogea. Ya nini, basi, kuandika ubao na ukuta mara 24? Huandikwa mara moja, kisha yanaandikwa yale tu yaliyobadilika. Tena jicho la mwanadamu halioni kila kitu sawasawa: huona mwanga na kivuli vizuri kuliko tofauti ndogo za rangi. Lile lisiloonekana laweza kupunguzwa.

Kanuni za kukunja namna hii zina majina yake. Iliyoenea sana huitwa H.264, nayo ilikubaliwa mwaka 2003. Mwaka 2013 ikafuata H.265, ambayo pia huitwa HEVC; hiyo yaweza kutunza picha ya uzuri uleule kwa karibu nusu ya biti. Chombo kinachoonyesha filamu sharti kijue kanuni iliyotumiwa, kwani asiyejua jinsi nguo ilivyokunjwa hawezi kuikunjua upesi.

Lakini kukunja sana huharibu. Anga la jioni hupata mistari, nyuso hupoteza sura, na moshi huwa vipande vipande. Wapendao picha safi hutunza filamu iliyokunjwa kidogo, nayo huwa nzito. DVD ya tabaka moja hubeba gigabaiti 4.7. Diski ya Blu-ray ya matabaka mawili hubeba gigabaiti 50, na ile ya Ultra HD yaweza kufika 100. Picha ya Blu-ray ya kawaida yaweza kufika megabiti 40 kwa sekunde. Ultra HD, pamoja na sauti zake, yaweza kufika 128. Lakini Netflix hushauri wateja wake wawe na megabiti 15 tu, au zaidi, kwa filamu ya 4K, maana imekunja filamu zake kwa nguvu.

Hapa ndipo watu wengi wanaposhangaa. Wanasema: «Filamu inayotoka ng'ambo ya bahari inapita vizuri, na ile iliyomo chumba cha pili inakwama! Yawezekanaje?» Jibu ndilo hili: ya ng'ambo ni mzigo mdogo uliofungwa sana, ya chumba cha pili ni mzigo mkubwa, na mlango ni uleule.

BITI SI BAITI

Neno moja huwadanganya wanunuzi wengi, nalo lafaa lieleweke. Ukubwa wa filamu hupimwa kwa baiti, lakini mwendo wa mtandao hupimwa kwa biti. Baiti moja ni biti 8. Mtandao wa megabiti 100 kwa sekunde hauchukui megabaiti 100, bali 12.5 tu, na hata hizo hazifiki zote, kwa sababu sehemu hutumiwa na anwani na alama za safari.

Tufanye hesabu ya filamu moja. Ina gigabaiti 50, nayo ni ya saa 2. Gigabaiti 50 ni gigabiti 400. Saa 2 ni sekunde 7200. Gawanyeni, mtapata karibu megabiti 56 kwa kila sekunde. Hicho ndicho kiasi ambacho njia yapaswa kuchukua, bila kupumzika, tangu mwanzo wa filamu mpaka mwisho.

Tena hicho ni kiasi cha katikati tu. Filamu ni kama mto: pengine maji ni machache, pengine yanajaa. Watu wawili wanaozungumza chumbani ni maji machache. Mvua inayonyesha juu ya msitu, au umati wa watu wanaokimbia, ni mafuriko, kwa maana vitone vyote vinabadilika pamoja. Ndiyo maana filamu hukwama mara nyingi pale pale inapoanza kupendeza.

Ili kusaidia mambo haya, chombo cha kuonyesha kina akiba ndogo. Ni kama pipa lililowekwa chini ya bomba: maji yakija haraka kuliko tunavyochota, pipa hujaa, yakija polepole kwa kitambo, tunachota katika akiba. Lakini bomba likiwa jembamba siku zote, pipa litaisha tu. Hapo ndipo kiduara huanza kuzunguka.

NJIA YA WAYA

Nyumba ina njia mbili za kupitisha picha: waya na hewa. Njia ya waya huitwa Ethernet. Ilianza mwaka 1973 katika maabara ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, kwa kazi ya Robert Metcalfe na wenzake. Mwaka 1995 ilifika megabiti 100 kwa sekunde, na mwaka 1999 ikafika gigabiti 1 kwa waya wa shaba wa kawaida, hata kwa umbali wa mita 100. Waya wenye maandishi «Cat 5e» unatosha kwa kazi hiyo. Haujali ukuta wala jirani, wala hauhitaji kufunguliwa kwa neno la siri. Kwa filamu nzito, waya ni rafiki asiyegeuka.

Lakini angalieni mtego mmoja. Televisheni nyingi, hata za bei kubwa, zina mlango wa Ethernet wa megabiti 100 tu. Waya waweza kuwa wa gigabiti, ruta yaweza kuwa ya gigabiti, lakini mlango wa mwisho ukiwa mwembamba, ndio unaotawala yote. Filamu yetu ya megabiti 56 kwa kawaida itapita. Ile ya Ultra HD inayopanda zaidi ya 100 itakwama penye mafuriko. Dawa yake ni kutumia chombo kidogo cha kuonyeshea filamu chenye mlango wa gigabiti, kilichounganishwa na televisheni kwa waya wa HDMI. Hapo televisheni hufanya kazi ya kioo tu.

NJIA YA HEWA

Njia ya pili ni Wi-Fi. Kanuni yake ya kwanza ilitoka mwaka 1997. Ni njia nyepesi, haihitaji kutoboa ukuta, na kwa simu hakuna iliyo bora. Lakini ina tabia tatu ambazo yafaa tuzijue.

Ya kwanza: katika hewa, juu ya njia moja, mmoja tu husema kwa wakati mmoja. Ni kama baraza la wazee: anayesema husikilizwa, wengine hungoja zamu yao. Simu za watoto, kompyuta ya dada, kamera ya mlangoni, hata vyombo vya jirani vilivyo juu ya njia ileile, vyote vinangoja na kungojewa.

Ya pili: hewa ina kanda zake. Ukanda wa gigahezi 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini umejaa watu. Humo zimo Bluetooth, vyombo vya majirani, na hata tanuru ya maikrowevu ya jikoni, ambayo hufanya kazi karibu na ukanda huohuo. Ukanda wa gigahezi 5 una nafasi kubwa na mwendo mkubwa, lakini huchoka upesi mbele ya ukuta. Ukuta wa matofali hupunguza nguvu zake. Zege yenye vyuma hupunguza zaidi. Bati hurudisha mawimbi kama kioo kinavyorudisha mwanga. Ruta iliyofichwa ndani ya kabati la chuma au nyuma ya televisheni ni kama kengele iliyofunikwa kwa blanketi.

Ya tatu ndiyo inayosahauliwa na wengi. Kama kompyuta yenye filamu iko juu ya Wi-Fi, na televisheni nayo iko juu ya Wi-Fi ileile, kila biti husafiri hewani mara mbili: kwanza kutoka kompyuta hadi ruta, kisha kutoka ruta hadi televisheni. Zamu zinatumiwa mara mbili kwa mzigo mmoja, na mwendo hupungua karibu nusu. Basi, kabla ya kununua ruta mpya, ungeni kompyuta ya filamu na ruta kwa waya mfupi. Waya huo ni wa bei ndogo, na mara nyingi unatosha kuponya ugonjwa wote.

Wala msiamini upesi hesabu iliyoandikwa juu ya sanduku la ruta. Hesabu ile hujumlisha kanda zote, tena ni ya mahali pasipo ukuta wala majirani. Mwendo wa kweli wa sebuleni mara nyingi ni mdogo zaidi.

MTAFSIRI ANAPOCHOKA

Kuna ugonjwa mwingine usiotoka njiani hata kidogo. Watu wengi hutumia programu kama Plex au Jellyfin kupanga filamu zao na kuzigawa nyumbani. Televisheni ikijua kanuni ya filamu, programu huituma jinsi ilivyo, na kompyuta haipati taabu. Lakini televisheni isipoijua kanuni hiyo, kompyuta lazima ikunjue filamu na kuikunja upya kwa kanuni nyingine, picha 24 kila sekunde, bila kuchelewa. Ni kazi ya mtafsiri anayesimama kando ya msemaji na kutafsiri neno kwa neno. Kwa 4K kazi hiyo ni nzito mno. Kompyuta ndogo au ya zamani hushindwa, na picha husimama ingawa njia ni nyeupe.

Katika nchi yetu sababu moja ya jambo hili yafaa itajwe: maandishi ya Kifaransa chini ya filamu. Yapo maandishi ya namna mbili. Ya kwanza ni herufi za kawaida ndani ya faili ndogo, mara nyingi yenye jina la SRT. Televisheni nyingi huzisoma bila shida. Ya pili, itokayo katika diski za Blu-ray, ni picha za maandishi. Televisheni isipoweza kuzionyesha, programu hulazimika kuzichora juu ya kila picha ya filamu, na hapo filamu yote hukunjwa upya. Mtu hubonyeza kitufe cha maandishi tu, na sinema yote inakwama. Badilisheni maandishi yawe ya SRT, nanyi mtaona tofauti.

TUTAFUTE KOSA KWA UTARATIBU

Daktari mwenye akili hatoi dawa kabla ya kupima. Fanyeni hivi, hatua moja baada ya nyingine, wala msibadili mambo mawili kwa pamoja:

1. Wekeni filamu ileile juu ya kijiti cha USB na kukichomeka moja kwa moja katika televisheni. Ikipita vizuri, filamu na televisheni ni nzima. Kosa liko njiani au kwa mtafsiri. Angalieni tu kwamba kijiti kilichotayarishwa kwa namna ya FAT32 hakipokei faili inayozidi gigabaiti 4. Kitayarisheni kwa exFAT, kama televisheni yaikubali. Na kumbukeni kwamba kukitayarisha upya hufuta yote yaliyomo.

2. Tazameni katika programu kama filamu inatumwa jinsi ilivyo au inakunjwa upya. Ikikunjwa upya, zimeni kwanza maandishi, kisha jaribuni sauti nyingine. Baadhi ya televisheni hazisomi sauti ya DTS, ingawa picha wanaisoma vizuri.

3. Ungeni kompyuta na ruta kwa waya. Jaribuni tena.

4. Ungeni televisheni nayo kwa waya, hata kama waya utapita sakafuni kwa jioni moja tu. Filamu ikipita sasa, mmejua kwamba hewa ndiyo yenye kosa.

5. Ikiwa bado inakwama penye mafuriko tu, pimeni mlango wa televisheni: yawezekana ni ule wa megabiti 100.

Mwenye kufuata hatua hizi hatatumia fedha kabla ya kujua anatibu nini.

KITU CHA THAMANI KULIKO FILAMU ZA DUKANI

Yafaa tuseme neno la mwisho juu ya zile filamu ambazo hazinunuliwi popote. Leo simu ya mkononi hupiga picha za 4K. Simu ya iPhone, kwa mfano, ikitumia kanuni ya HEVC na picha 30 kwa sekunde, hujaza karibu megabaiti 170 kila dakika. Arusi ya saa moja huwa gigabaiti 10 na zaidi. Katika nyumba nyingi, sauti ya babu akieleza ukoo wake, na uso wa bibi akicheka siku ya ubatizo wa mjukuu, vimo ndani ya diski moja tu iliyo chini ya meza ya televisheni.

Diski hiyo itakufa siku moja. Diski zote hufa: kwa kuanguka, kwa vumbi, kwa umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. Filamu ya dukani yaweza kununuliwa tena; sauti ya marehemu haina duka. Basi, kabla ya kutafuta televisheni kubwa zaidi, nunueni diski ya pili, nakilini humo filamu zote za jamaa, na kuiweka katika nyumba nyingine, kwa shangazi au kwa kaka mkubwa. Andikeni juu ya kila faili jina la sikukuu, mahali na mwaka, maana baada ya miaka ishirini hakuna atakayekumbuka.

Tena ufungeni mtandao wenu kwa neno la siri gumu, kwa sababu yaliyo wazi kwa televisheni yaweza kuwa wazi kwa mpita njia. Na mzazi mwenyewe achague filamu zinazowekwa mahali ambapo mtoto anafika, kwani ghala la nyumba halina mlinzi mwingine.

Ninyi wanafunzi mnaojua vyombo hivi kuliko wazazi wenu, kazi hii ni yenu. Wiki hii ombeni diski ile, hesabuni yaliyomo, na mnakili kwanza yale yasiyoweza kupatikana tena.